Ndinga ya 1965 iliyozaliwa juzi

  

Kuna kijana mmoja wa Ilala kanitwanga swali ambalo limenikuna. Anasema: "Anko, hivi kweli huko Unyamwezini mtu anaweza kuunda gari lake mwenyewe uani, akaingia nalo barabarani, na serikali isimfanye kitu?"

Jibu langu, kijana, ni kwamba kuunda unaunda. Barabarani unaingia. Lakini hapo kwenye "serikali isimfanye kitu" ndipo penye kasheshe. Serikali ya huku haina shida na sura ya gari lako. Hata ukitaka lifanane na chungu cha pilau, shauri yako. Itakuuliza mambo mawili tu: lina umri gani, na lina thamani gani? Ukiyajibu hayo kwa uongo, umekwisha. Nawaambia kwa sababu na mimi nilibaki kidogo tu niyajibu kwa uongo.

HOMA YA COBRA

Naishi California, mji mdogo mashariki ya Los Angeles, na boksi nabebea kwenye ghala moja karibu na bandari ya Long Beach. Sasa huku kwetu kuna ugonjwa mmoja unaitwa Cobra. Si nyoka, ni gari. Alilianzisha Mmarekani mmoja wa Texas, dereva wa mashindano aliyestaafu, jina lake Carroll Shelby. Mwaka 1962 alichukua bodi jepesi la kampuni ya AC ya Uingereza, akachomeka ndani injini kubwa ya Ford ya silinda nane. Karakana yake ilikuwa hapa hapa Los Angeles. Hadi mwaka 1967 yalikuwa yametoka kama elfu moja tu, basi.

Elfu moja kwa dunia nzima! Ndiyo maana lile la kwanza kabisa liliuzwa mnadani mwaka 2016 kwa dola milioni 13.75. Usisome haraka, rudia tena: milioni kumi na tatu na robo tatu. Dola.

Kwa hiyo sisi walalahoi tunaendesha kopi. Kuna makampuni yanauza seti nzima: fremu, bodi la faiba, na vikorokoro vyake. Wewe unatafuta Mustang kuukuu iliyogongwa, unaichinja, unatoa injini, gia boksi na difu, unahamishia kwenye fremu mpya. Ukimaliza una kitu ambacho kikipita mtaani hata vikongwe wanageuza shingo. Wenyewe wanaita ripulika. Usiite feki mbele ya mwenyewe, mtagombana.

Mwaka 2016 jirani yangu mmoja, Mzee wa Kimarekani, fundi mstaafu, aliniambia kuna mtu kashindwa kuimalizia yake. Seti ilikuwa imelala gereji miaka minne, inauzwa dola 11,000. Nilikuwa na akiba. Mama watoto alininunia wiki mbili. Nikachukua.

Sitawachosha na habari za spana. Ilichukua miaka miwili na nusu, kila Jumamosi na Jumapili, mimi na Mzee. Nilijifunza kusuka waya, nilijifunza kulala chini ya gari na kifua kimejaa vumbi la faiba, na nilijifunza kutukana kwa Kiingereza cha Texas. Mwishoni mwa mwaka 2018 ndinga ikawaka. Siku hiyo ilipolia uani, watoto wa mtaa mzima walikuja mbio kama wameona arusi.

Sasa ikabaki kadi.

KIBATI CHA DOLA MIA NANE

Hapa naomba muwe makini, maana ndipo mambo yanaponoga.

California wana kitu wanakiita ada ya leseni ya gari. Jina ni ada, lakini mwenyewe ni kodi ya mali. Ilianza mwaka 1935, badala ya kila wilaya kumtoza mtu kodi ya mali kwa gari lake, jimbo likakusanya mahali pamoja na fedha zikarudi serikali za mitaa. Inakwenda kwa thamani: asilimia 0.65 ya bei ya gari, kila mwaka unapolipia upya namba zako. Gari la bei mbaya, kodi mbaya. Mkweche, kodi ya mkweche.

Na gari huwa linashushwa thamani kadiri linavyozeeka. Mwaka wa kwanza wanahesabu bei yote, wa pili asilimia 90, wa tatu 80, inashuka hivyo hivyo, hadi mwaka wa kumi na moja inagota kwenye asilimia 15 na hapo hapo inabaki.

Umeshaona mchezo ulipo? Gari la 1965 halina kodi ya kutisha. Tena gari la 1965 halipimwi moshi, maana huku magari yote ya petroli ya mwaka 1975 kurudi nyuma yamesamehewa kupimwa. Kwa hiyo mtu mwenye ndinga inayofanana na ya 1965 anajiambia: si niandikishe kwamba ni ya 1965 kweli? Nani atajua?

Basi bwana, kazini kulikuwa na jamaa mmoja mjanja mjanja. Akanivuta pembeni wakati wa chai, akaniambia ana mtu. Huyo mtu ana kibati cha namba ya chesisi pamoja na kadi ya Ford ya mwaka 1965, saluni iliyokufa zamani, imeshapondwa skrepa. Unagonga kibati kwenye fremu yako kwa ribiti nne, unapeleka kadi, unabadilisha jina, mchezo umekwisha. Dola 800.

"Kodi yako kwa mwaka," akasema, "utailipa kwa chenji ya soda."

Nisiwafiche. Nilitoa dola 200 za kishika uchumba.

Jioni nikamsimulia Mzee, huku najichekea kama mtu aliyeokota pochi. Mzee akaweka spana chini. Hakupiga kelele. Akaniuliza swali moja tu:

"Kijana, hili gari tumeliunda nani na nani?"

"Mimi na wewe, Mzee."

"Sasa kwa nini unataka kuandika kwamba limeundwa na watu wengine, mwaka 1965, wakati wewe hata hujazaliwa?"

Nikakosa la kusema. Akaendelea kunieleza kwamba mchezo huo serikali inaujua siku nyingi. Mwaka 2011 walitangaza msamaha: kila aliyeandikisha gari la kuundwa kwa uongo ajitokeze, alipe anachodaiwa na faini zake, hatashitakiwa. Msamaha ukafungwa katikati ya mwaka 2012. "Waliosamehewa walisamehewa," akasema. "Wewe unataka kuingia baada ya mlango kufungwa."

Yule mtu wa kibati nikamwambia basi. Dola 200 zangu hadi leo sijaziona.

MIAKA MIWILI KWENYE GARI MOJA

Sasa sikilizeni jambo lililonishangaza. Nilidhani ukweli utaniumiza. Kumbe sheria yenyewe ilishaacha mlango wazi, ila watu hawausomi.

Gari la namna yangu linaitwa gari lililoundwa kipekee. Kwenye kadi, pale panapokaa jina la kampuni iliyotengeneza, wanaandika herufi SPCNS. Na mwaka wake si mwaka wa sura yake. Hiyo ni kwa upande wa kodi.

Lakini kwenye moshi kuna sheria ya mwaka 2001. Inasema kila mwaka magari 500 ya kuundwa, ya kwanza kuomba, yanapewa cheti maalumu. Ukikipata unakwenda kwa mkaguzi wa serikali, ambaye wenyewe wanamwita refa, kabisa kama wa mpira. Refa analitazama gari lako, na wewe unachagua: akuhukumu kwa mwaka wa injini, au kwa mwaka wa gari ambalo bodi lako linafanana nalo. Na kama bodi lako halifanani na gari lolote lililowahi kutengenezwa duniani, unapewa mwaka 1960. Jamani! Yaani ukiunda chungu cha pilau chenye magurudumu manne, ni cha 1960.

Kwa hiyo ndinga yangu ina miaka miwili tofauti, kihalali kabisa. Kwenye moshi ni babu wa 1965. Kwenye kodi ni mtoto mchanga. Hakuna aliyedanganya mtu.

Ila vyeti 500 kwa jimbo lenye watu milioni karibu 40 si mchezo. Miaka ya 2000 vilikuwa vinagombewa siku za mwanzo tu za Januari. Mzee akaniambia tusibahatishe. Siku ya kwanza ya kazi ya Januari 2019, saa kumi na moja alfajiri, tulikuwa mlangoni kwa ofisi ya magari ya jimbo, ile wanayoiita DMV. Mzee kaja na kiti cha kukunja na chupa ya kahawa. Mimi nimekuja na faili. Baridi ya Januari, msione filamu mkadhani California ni joto saa zote.

FAILI NDIYO GARI

Lile faili ndilo lililoniokoa, na ndiyo sababu hasa ya kuandika safu ya leo.

Kuna fomu wanakupa, ya maelezo ya ujenzi wa gari. Unaandika vipuri vikubwa umevitoa wapi: injini, fremu, gia boksi, bodi. Unaandika gari lina thamani gani. Halafu unasaini chini ukijua kwamba uongo hapo ni kosa la jinai. Mwenye risiti anasaini huku anapiga mluzi. Asiye na risiti mkono unatetemeka.

Zangu zilikuwa hivi. Seti dola 11,000. Mustang ya kuchinja dola 1,800. Breki, matairi na kuifumua gia boksi dola 4,700. Rangi dola 4,500, na hapo ndipo mama watoto alininunia tena. Viti, waya, saa za dashibodi dola 3,000. Mafundi wa kuchomelea na kunyoosha magurudumu dola 3,000. Jumla dola 28,000.

Dada wa dirishani alikuwa mpole, akapitia karatasi moja moja. Akanieleza kwamba vipuri vyenye risiti inayoonyesha kodi ya mauzo ilishalipwa, sitatozwa tena. Visivyo na risiti, au vilivyonunuliwa pasipo kodi, nalipia hapo hapo. Na mimi kwa ubishoo wangu, viti, magurudumu na baadhi ya vitu vya skrepa nilinunua mkononi bila karatasi. Mali ya dola 4,000. Kiwango cha chini cha kodi hiyo California ni asilimia 7.25, kwa hiyo dola 290, na mji wenu nao unaweza kuongeza chake. Nimelipia risiti ambazo ningeziomba zingekuwa bure. Mzee alinitazama tu, akanywa kahawa.

Halafu kodi yenyewe ya mali. Asilimia 0.65 ya dola 28,000 ni dola 182. Ongeza ada nyingine za namba na usajili. Hiyo ndiyo iliyokuwa inanitoa jasho usiku! Hiyo ndiyo nilitaka kuikimbia kwa kibati cha dola 800! Nilipiga hesabu pale pale kwenye foleni: hicho kibati kingekula kodi ya miaka minne na zaidi.

Na inashuka. Mwaka 2024, mwaka wake wa sita, kodi ilikuwa asilimia 50 ya ile ya mwanzo: dola 91. Ikifika mwaka wa kumi na moja itakuwa dola 27 na senti. Mtu wangu, dola 27 huku ni chakula cha mchana cha watu wawili, tena bila soda ya pili.

Cheti cha moshi nilikipata. Baada ya hapo ikawa safari ya kupima breki na taa, kisha kwa trafiki wa barabara kuu, wanaitwa CHP. Hao wakalikagua gari lote, wakalinganisha namba za injini na karatasi zangu kuhakikisha hakuna kitu cha wizi, wakagonga kibao kipya cha namba ya chesisi. Kibao changu mwenyewe, hakijawahi kukaa kwenye gari la marehemu. Kisha kwa refa, naye akaitazama ndinga mbele, nyuma, akacheka, akaandika 1965. Filimbi ya mwisho.

Kadi ilipokuja kwa posta nilimwonyesha mama watoto. Akasoma, akasema: "Mwaka 2019. Mbona ni mpya kuliko lile la kwangu?" Tangu siku hiyo kaacha kununa.

HATA KOMANDO ALIINGIA KWA KODI HII

Msidhani kodi hii ni jambo dogo huku. Nyie mliokulia kwenye mabanda ya video mnamkumbuka Arnold Schwarzenegger? Komando mwenyewe, Terminator. Basi alipata ugavana wa California, na kodi hii ya magari ilimsaidia sana kuupata.

Ilikuwa hivi. Kwa miaka mingi kiwango kilikuwa asilimia 2 ya thamani. Kuanzia mwaka 1999 kikaanza kushushwa kidogo kidogo hadi kikafika 0.65. Watu wakazoea raha. Mwaka 2003 hazina ya jimbo ikakauka, gavana wa wakati huo, Gray Davis, akairudisha asilimia 2. Fikiria: mtu alizoea kulipa dola 100, leo anadaiwa zaidi ya 300 kwa gari lile lile. Wananchi wakachachamaa. Walikuwa na mengine mengi ya kumlaumu, umeme na bajeti, lakini kodi ya gari inagusa kila nyumba. Tarehe 7 Oktoba 2003 wakampigia kura ya kumng'oa, na hapo hapo wakamchagua Arnold. Aliapishwa tarehe 17 Novemba, na siku hiyo hiyo, hata kiti hakijapata joto, akasaini kufuta nyongeza.

Na kuna ubaya wake pia. Fedha zile zilikuwa za serikali za mitaa, zimamoto na polisi wakiwemo, kwa hiyo ikabidi jimbo litafute pa kuziba. Kodi ikifutwa, shimo linabaki na mtu wa kulijaza anatafutwa.

Na nyie huko msicheke. Tanzania ile ada ya mwaka ya leseni ya barabara ilifutwa mwaka 2017, watu wakashangilia, lakini shilingi 40 zikaongezwa kwenye kila lita ya mafuta. Unalipa kwa matone. Wenzetu wa Kenya mwaka 2024 waliletewa pendekezo la kodi ya asilimia 2.5 ya thamani ya gari kila mwaka, isipungue shilingi 5,000 za kwao, isizidi 100,000. Iliondolewa Juni mwaka huo, na siku chache baadaye muswada mzima wa fedha ukarudishwa baada ya vijana kuingia barabarani. Mimi nilikuwa najiuliza swali moja tu: zile matatu za Nairobi zilizochorwa kama majumba ya sanaa, zenye muziki na taa kuliko disko, nani angekaa chini kuzikadiria thamani? Kwa bei ya basi tupu, au kwa bei ya michoro na spika? Mwenye matatu asiye na risiti angebaki kusikilizia atakachoambiwa.

MSHIKAJI WANGU WA TEMEKE

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya niandike.

Nina mshikaji hapa, kijana wa Temeke, tumetoka mbali. Mwaka 2020 aliona ndinga yangu, akashikwa homa ile ile. Lakini yeye hakutaka spana. Alitaka tayari. Akapata moja, nyekundu, inang'aa, dola 26,000, na kadi inasema Ford 1965. Fedha zile zilikuwa za nyumba yake ya Chamazi. Ilikuwa imefika kwenye renta, akasema ipumzike kwanza.

Akanipigia simu: "Mwanangu, mimi kodi silipi kama wewe bwege. Yangu ni ya sitini na tano."

Nilijua. Wasomaji wangu, nilijua, maana kibati cha namna ile nilishakishika kwa mikono yangu. Nilimwambia, "Mzee, kaangalie namba ya chesisi vizuri." Akacheka. Mimi nikacheka naye. Sikumwambia mara ya pili. Niliogopa ataona namwonea wivu.

Agosti 2021 akagongwa kwa nyuma kwenye barabara kuu. Kosa halikuwa lake, hata mkwaruzo wa ngozi hakupata. Trafiki wakaja kuandika ajali, mmoja wao akainama kutafuta namba ya chesisi. Akaona kibati cha zamani kimegongwa ribiti mpya kwenye fremu ya mabomba ya mraba ambayo mwaka 1965 haikuwepo. Sheria ya huku, gari lenye namba ya chesisi iliyochezewa linakamatwa. Likavutwa. Mshikaji akarudi nyumbani kwa teksi.

Bima nao wakamwambia: sisi tulikatia bima Ford ya mwaka 1965, hilo lililogongwa hatulijui. Muuzaji simu haipatikani. Mshikaji akaeleza kwamba yeye kanunua tu, hakugonga ribiti. Hakufungwa, namshukuru Mungu. Lakini wakili kala, yadi ya kuhifadhi magari imekula, na gari hakulipata tena. Na ile nyumba ya Chamazi hadi leo iko kwenye renta, nyasi zimeota sebuleni. Mama yake anaishi bado kwenye chumba cha kupanga.

Tulikaa siku moja kibarazani kwangu, ndinga yangu iko pale mbele yetu. Akaitazama muda mrefu. Akaniuliza, "Hivi wewe kwa mwaka unalipa ngapi?"

Mwaka ule wa tatu ilikuwa asilimia 80. Nikamwambia: "Dola mia moja arobaini na tano na senti."

Hakusema neno. Ningetamani anitukane.

USHAURI WA BURE

Basi kijana wa Ilala, na wengine wote mnaotaka kuunda, kubadilisha bodi, kupachika injini ya gari lingine, au kununua lililopambwa na mwingine, huku au huko, shikeni haya.

Kwanza, risiti. Hata ya bolti. Nunua faili kabla hujanunua spana.

Pili, soma kadi kabla hujaangalia rangi. Inama chini, lala kama fundi, uitafute namba ya chesisi. Kama kadi inasema hivi na chuma kinasema vile, kiamini chuma, uondoke.

Tatu, mwenye ofisi muulize kabla hujamkimbia. Mimi nilikuwa naikimbia kodi ya dola 182, na nikaja kukuta sheria imenipa na nafuu ya moshi juu yake. Hakuna aliyekuwa amenificha. Sikuuliza tu.

Na nne, hii ni yangu na dhamiri yangu: ukimwona mshikaji anaingia shimoni, usimwambie mara moja halafu ukacheka naye. Mwambie mara ya pili. Akikununia, atakununia akiwa na nyumba yenye bati.

Mzee wangu ana miaka 81 sasa, spana hashiki tena, macho. Lakini Jumapili huwa namtembeza na ndinga hadi ufukweni, kofia kashika kwa mkono isiruke. Wapita njia wakituuliza ni ya mwaka gani, mimi husema elfu moja mia tisa sitini na tano. Mzee ananitazama kwa jicho kali.

"Kwa sura," namalizia. "Kwa kodi ni ya juzi."

Hapo ndipo anapocheka. Tukutane wiki ijayo panapo majaliwa, na wewe uliyenikopa CD yangu ya taarabu Desemba, najua unasoma hapa.